Hivi kwanini kinyago cha shetani kinakuvuta na hapo hapo kinakutisha? (Changu kimepiga mlio usiku)

Baba Nasra #1
Habari zenu wakuu. Naenda moja kwa moja.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa pale Mwenge kwenye vinyago natafuta zawadi ya mzee wetu wa kazini anayestaafu. Nyuma kabisa, chini, wamepanga vifaru na twiga, na katikati yao kimelazwa kinyago kimoja cha mpingo, urefu wake kuanzia kiwiko changu mpaka ncha ya vidole. Jicho ni moja, kubwa, lipo pembeni sio katikati. Mdomo unaanzia shavuni unaenda kuishia tumboni. Mguu mmoja unapanda juu unageuka mkono, na kiganja cha huo mkono ndo kimeshika kichwa chake chenyewe. Nilisahau zawadi. Nimekaa nacho kama nusu saa nakigeuza, kila upande nakuta uso mwingine ambao sikuuona mwanzo. Nikakinunua.

Mama Nasra hakitaki. Kwanza alisema kinamtazama, nikakigeuza kikaangalia ukuta. Afu Jumanne iliyopita usiku wa saa nane tukasikia TA! sebuleni, mlio mkavu kama mtu kavunja fimbo. Nimetoka na tochi, hakuna kilichoanguka, paka hatufugi. Juzi tena. Sasa mwenzangu anasema kitoke.

Swali langu sio la uchawi peke yake. Nataka kuelewa nini kinamvuta binadamu kwenye kitu cha hivi. Mimi kinyonga simshiki hata kwa fedha, lakini nikimkuta njiani nasimama mpaka amalize kuvuka. Twiga wale walichongwa vizuri tu na sikuwaangalia mara mbili. Nawasilisha.

Mama Wawili #2
Kitoe kaka. Jina lake umelitaja mwenyewe kwenye kichwa cha uzi. Mgeni wa jina hilo ukishamkaribisha sebuleni utashangaaje akigonga?

Tezo na Patasi #3
Huo mlio naujua, nimekua nao. Nimechonga miaka 19.

Mpingo ni mti unaokua taratibu mno, mpaka uwe na moyo wa kutosha kuchonga ni miaka sabini na kwenda mbele. Nje una weupe, kama rangi ya siagi, ndani ndo moyo mweusi. Weupe na moyo havikauki mwendo mmoja. Gogo likichongwa bado bichi, na saivi vijana wengi wanachonga mabichi maana tezo linaingia kirahisi na mteja anasubiri, basi kinyago kinaendelea kukauka ukiwa umeshakilipia. Kikikauka kinavuta. Kikivuta kinapasuka. Usiku hali ya hewa inapoa, unasikia TA. Chukua tochi ukiangalie kuanzia chini kwenye kitako, hasa palipobaki weupe. Utakuta ufa mwembamba kama unywele.

Kama unataka kujua ni mpingo kweli au mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu, kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpingo unazama. Ila ukitoe hapo hapo ukifute, usikiloweke.

Mama Wawili #4
@Tezo na Patasi sawa kuhusu mlio, na lile jicho nalo limekauka?

Tezo na Patasi #5
😂 dada jicho ni fundo. Nitakuambia kitu ambacho wanunuzi hawaamini. Mpingo haunyooki. Umejipinda, una mifereji, una mashimo, kuna mahali moyo umeoza ndani. Ukitaka kuchonga twiga lazima utupe nusu ya gogo. Ukichonga shetani hutupi kitu. Shimo linakuwa mdomo, fundo linakuwa jicho, tawi lililojikunja linakuwa mkono unaoshika kichwa. Sichori kwanza. Nalizungusha gogo asubuhi nzima mpaka nimuone yupo wapi, afu naondoa kisichokuwa yeye. Baba Nasra aliposema anakigeuza anakuta uso mwingine nimefurahi sana, maana mwenzangu aliyekichonga alifanya hivyo hivyo, alikuwa anauliza gogo.

Kwahiyo jibu langu kwa swali lako, kinachokuvuta ni mti.

Msomaji wa Zamani #6
Naongezea historia kidogo maana watu wengi wanadhani mashetani haya ni ya tangu enzi na enzi. Sio. Wamakonde walichonga tangu zamani, hiyo haina ubishi, ila mtindo huu wa shetani ni wa miaka ya hamsini, hapa hapa Dar. Wamakonde wa upande wa Msumbiji walikuwa wanavuka Ruvuma kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakahamia mjini na tezo zao. Anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, na mfanyabiashara aliyekuwa anamnunulia ni Mohamed Peera. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Samaki alikuwa anachonga mtu wa kawaida, mkono ukamkatikia, akakiacha. Baadae badala ya kukitupa akaendelea nacho hivyo hivyo kikawa kiumbe kingine. Wengine wanasema aliota ndoto kwanza. Peera akakipenda, wateja wakakipenda, basi.

Kwahiyo @Baba Nasra ulichonacho ni mtoto wa ajali moja na soko moja. Ukitaka mitindo mingine kuna ujamaa, ule wa watu wamebebana kama nguzo, na mawingu, ule usio na sura kabisa.

Mwana wa Newala #7
Mkuu #6 nakuheshimu ila hapo kwenye "soko" umetupunguza sana. Mnunuzi hawezi kuniotesha ndoto. Kabla ya Peera kulikuwa na mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma.

Nisimulie kidogo. Nilikuwa mdogo, sijaingia jando bado, tumekaa na mama na mashangazi uwanjani, ngoma imeshaanza tangu alasiri. Lipiko likatokea kwenye mihogo. Kile kichwa cha mti kimevaliwa kwa kuinamishwa nyuma kidogo, kina nywele za mtu kweli zimegandishwa kwa nta, na meno. Mwili wote nguo, hata kidole hukioni. Lilitembea kama kuku, hatua mbili linasimama, linageuza kichwa. Mama yangu alipiga kelele na kukimbia, na mimi nikakimbia, afu nilipofika nyuma ya nyumba nikarudi kuchungulia. Wanawake wote walirudi kuchungulia! Sisi tuliambiwa ni mfu amefufuka, hakuna mtu ndani. Nilipoingia jando ndo nikajua yanayojulikana, na hayo siyasemi hapa.

Ninachosema ni hiki, kukimbia na kurudi kuchungulia kwetu ni kitu kimoja, ndo ngoma yenyewe. Baba Nasra unauliza kwanini unaogopa na unavutwa, mimi naona umeuliza jambo moja mara mbili. Na mashetani wa porini wana majina kwetu, nandenga na wenzake, hawakuzaliwa dukani.

Pambe_la_Ilala #8
Uzi mzuri. Mi naona shetani wa kuchonga anatisha, wale wa kuchora wa Lilanga ndo wananifurahisha, masikio makubwa, matumbo, vidole viwili. Si ndo yule mzee wa Tingatinga aliyepigwa risasi na polisi?

Msomaji wa Zamani #9
Hapana mkuu umechanganya watu wawili. Aliyepigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mwingine ni Edward Saidi Tingatinga, 1972, mtu wa Tunduru, alikuwa anachora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli. George Lilanga ni Mmakonde wa Masasi, alifariki 2005. Aliajiriwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, kama mlinzi wa usiku, baadae ndo wakaona kazi zake. Mashetani yake yanakunywa pombe, yanaenda hospitali, yanagombana na majirani. Ndo maana hukuogopa.

Pambe_la_Ilala #10
Asante, nimejifunza. Mlinzi wa usiku! Sasa hapo naelewa alikuwa anawaona saa ngapi.

Jarife #11
Naingia na kitu cha baharini. Mimi ni wa Kigombe, Tanga. Mjomba alikuwa anatega jarife, wavu mkubwa wa papa, usiku, maji marefu. Mwaka 2004 au 2005, sikumbuki vizuri nilikuwa darasa la tano, waliporudi alfajiri ndani ya ngalawa kulikuwa na samaki hakuna aliyemjua. Wazee wa pwani nzima, watu wanaojua samaki kwa kunusa, wakakosa jina. Buluu iliyoiva na madoa meupe kama chokaa imerushwa. Magamba magumu, ukipitisha kiganja yanakwaruza kama msasa. Mkia una kimkia kingine kidogo katikati. Lakini kilichofanya watu wanyamaze ni mapezi. Hayakutoka mwilini kama pezi la samaki, yametoka kama kikono, kuna nyama nene kwanza afu ndo pezi. Mzee mmoja alilishika akalikunja, likakunjika kwenye kiungo. Akaliachia akanawa mikono kwenye mchanga.

Watu wakaja kutoka Mwarongo kumuona. Hakuna aliyekuwa anaongea kwa sauti. Baadae wataalamu ndo wakasema ni silikanti. Wakati ule wengine walikuwa wameshamkata wakamla, wakaharisha.

Sasa nyie mnasema mti, soko, ngoma. Silikanti hakuchongwa na mtu na watu walisimama vile vile.

Mwalimu wa Sayansi #12
@Jarife umenikumbusha mbali, huyu samaki ndo aliyenifanya nisome baiolojia.

Mnisamehe kwa urefu. Silikanti walijulikana kwa visukuku tu, yani alama kwenye mawe, na wataalamu waliamini wametoweka pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamleta mmoja kwenye bandari ya East London, Afrika Kusini, na dada wa makumbusho pale, Marjorie Courtenay-Latimer, akamuona kwenye rundo la samaki. Profesa J.L.B. Smith akamtambua, afu akatangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata wa pili. Alisubiri miaka 14, mpaka 1952 Komoro. Na Wakomoro wakashangaa kwanini mzungu analia, maana wao walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita gombesa, na hawampendi kwa kuliwa. Kwetu wa kwanza alipatikana Songo Mnara, Kilwa, 2003, afu Tanga wakaanza kunaswa wengi. Hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga ni ya 2009.

Zile pezi nne za chini anazipeleka kwa kupishana, kama mbuzi anavyotembea. Anazaa watoto hai, mayai tumboni makubwa kama chungwa. Utafiti wa 2021 unasema mimba inachukua kama miaka mitano na anaweza kuishi karibu miaka mia. Kwahiyo yule wa mjomba wako anaweza kuwa alizaliwa kabla ya babu yako.

Jibu langu kwa Baba Nasra: akili ya mtu inapanga vitu kwenye mafungu. Samaki huku, mnyama huku, mkono huku, mguu huku. Kikija kitu kisichokaa kwenye fungu lolote akili inagoma kukiachia mpaka ikipange, na hakipangiki. Kinyago chako mguu umekuwa mkono. Samaki wa Jarife pezi limekuwa mguu. Kinyonga macho mawili yanaangalia pande mbili.

Pambe_la_Ilala #13
Kinyonga anajificha kwa kubadili rangi ticha, huyo hana ajabu, ni mwizi tu.

Mwalimu wa Sayansi #14
Kujificha ni sehemu ndogo. Mara nyingi anabadilika kwa hasira, kwa kutaka jike, kwa joto. Na hafanyi kwa kumwaga rangi tu, chini ya ngozi ana vifuwele vidogo sana, akivisogeza mbali mbali mwanga unarudi mwekundu au njano, akivibana unarudi buluu. Hiyo ilionyeshwa 2015 kwa kinyonga wa Madagaska.

Bibi Alisema #15
Kwetu bibi alisema kinyonga ndo aliyetumwa na Mungu kuja kutuambia hatutakufa, akachelewa njiani kwa ule mwendo wake wa kujiuliza, mjumbe mwingine akafika kwanza na habari ya kifo. Ndo maana tunamuangalia mpaka amalize kuvuka. Tunamsubiri aseme.

Baba Nasra #16
@Bibi Alisema hii imenishika. Sijawahi kuiwaza hivyo.

Mnyaturu Halisi #17
Mwalimu #12 hiyo ya mafungu nakubali nusu. Maana kakakuona naye hana fungu. Ana magamba kama samaki, yupo nchi kavu, hana jino hata moja, ananyonyesha, na ukimgusa anajikunja kuwa tufe. Lakini sisi hatumshangai kwa sababu hapangiki. Tunamheshimu kwa sababu anasema.

Nimeshuhudia Singida nikiwa kidato cha pili. Kaonekana mchana, jambo ambalo ni la nadra maana hutembea usiku. Wazee wakaja, wakamwekea mbele yake maji kwenye kibuyu, unga wa mtama kwenye ungo, jembe, na mshale. Kijiji kizima tumezunguka, watoto wamebebwa mabegani. Alikaa amejikunja muda mrefu sana, mpaka nilidhani hatofungua. Afu pua ikatoka. Ulimi kama uzi wa kushonea. Akatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikusanya kifuani kama mzee anayeenda kuomba jambo, akapita unga, akasimama kwenye maji. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwaka ule mvua ilinyesha.

Tahadhari kwa vijana: huyo ni nyara ya serikali, ukimkuta mwache, magamba yake yamewapeleka wengi jela.

Mwalimu wa Sayansi #18
Kuna mtafiti, Mary Douglas, aliishi na Walele wa Kasai, Kongo, miaka ya 1950, akakuta wana chama kizima kinachomheshimu kakakuona, na maelezo yake yalikuwa hayo hayo ya kutokuwa na fungu. Kwahiyo anasema na hapangiki, vyote vinaweza kwenda pamoja.

Mnyaturu Halisi #19
Huyo Mary alikuwa mgeni mwalimu. Mgeni anaona asiyepangika. Sisi tulikuwa tumeshampanga, yupo fungu la wajumbe.

Fundi wa Lushi #20
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili ya kwetu. Kwa baba yangu mukubwa mu salon kulikuwa tablo ya mamba muntu. Mwanamuke muzuri sana, nywele murefu, saa ku mukono, kisha chini iko mukia ya samaki, na nyoka mu shingo. Zamani batu bengi ba kazi ya mine balikuwa nayo ku nyumba. Banasema ule mwanamuke anakupatia feza mingi, kisha anaomba mutu wa mu famille yako. Sasa juu ya nini unamutia mu salon, pale wageni banaikala? Niliuliza baba mukubwa. Akasema: "Juu baone kama ninamujua." Miye naona njo ile. Kitu ya kuogopesha ukiitundika ku mur, ku ukuta, inakuwa yako kidogo.

Mama Wawili #21
Au wewe unakuwa wake kidogo.

Binti Malindi #22
Salamu kutoka Unguja. Nyote mnasema kutisha, mbona hakuna aliyesema *ajabu*? Wazee wetu walikuwa nalo hilo neno na halikuwa na uchawi ndani yake. Al-Qazwini, mwanachuoni aliyefariki 1283, kaandika kitabu kizima cha ajabu za viumbe, malaika wamo, nyangumi wamo, miti imo, watu wenye nyuso vifuani wamo, na kwake yote ni mlango wa kumtaja Muumba. Na Sayyid Barghash alipojenga jumba lake 1883 watu wakaliita Beit el Ajaib, kwa taa za umeme na lifti. Taa! Mimi nimekua naliona kila siku nikienda skuli, na siku lilipoanguka ubavu, Desemba 2020, nilikwenda nikasimama pale Forodhani na watu kadhaa, tunaangalia vumbi, hapana aliyekuwa na neno. Hilo lilikuwa ajabu nyengine.

Kwangu mimi kitu cha ajabu hakikuiti ukiogope. Kinakuita ukae nacho mpaka useme subhanallah.

Mhamiaji Brussels #23
Binti Malindi umenena. Huku nilipo kuna makumbusho ya Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, nilienda siku ya kwanza kwa sababu nje kulikuwa na baridi na ndani kuna joto. Kuna picha moja, nyumba usiku, taa ya barabarani inawaka, madirisha mawili ya juu yana mwanga wa njano, miti myeusi. Ukiinua macho, mbingu ni ya mchana kweupe na vijiwingu. Hakuna jini, hakuna jicho tumboni, kila kitu ni cha kawaida kabisa ila vimewekwa pamoja. Nilisimama nikahisi nipo nyumbani saa kumi na moja alfajiri ile taa ya jirani haijazimwa bado. Nimerudi mara nne. Wale wazungu wa kundi lake, wanaitwa surrealists, walitoa waraka wao Paris 1924 wakisema ndoto nayo ni ukweli. Samaki Likankoa hakuhitaji waraka.

Mtumishi Asiye na Cheo #24
Nimesoma wote. Naomba kusema kwa upendo. Baba Nasra, jambo linalomnyima mkeo usingizi lina uzito kuliko uzuri wa kitu. Hata kama ni ufa wa mti kama fundi alivyosema. Mimi niliwahi kuwa na kibuyu cha babu, kimefungwa shanga, nikakiweka kabatini kwa sababu ni kizuri. Mama yangu alikuja kunitembelea akalala akiangalia lile kabati siku tatu. Nilikirudisha kijijini. Bado nakikumbuka na sijutii.

Baba Nasra #25
Wakuu nimerudi. Nimefanya kama @Tezo na Patasi alivyosema. Kimezama kwenye ndoo kama jiwe, Nasra akapiga makofi. Na ufa nimeuona. Unaanzia kwenye kitako palipo na weupe, unapanda na mguu ule unaogeuka mkono, mwembamba, unaingia ukucha tu.

Nikamuita Mama Nasra nikamuonyesha. Akauangalia muda mrefu. Akasema sawa, ufa upo, ila mbona unapanda kwenda kwenye jicho? Sikuwa na jibu.

Mwana wa Newala #26
Mama Nasra salamu zangu. Huyo ndo anayekiona vizuri kuliko wewe.

Tezo na Patasi #27
Unapanda kwenda kwenye jicho kwa sababu jicho ni fundo, na ufa unafuata nyuzi za mti, nyuzi zinaelekea kwenye fundo. Ni kawaida. Kiondoe karibu na feni na dirisha, kipake mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa.

Pambe_la_Ilala #28
Jarife hujamaliza ya samaki. Mzee aliyenawa mikono kwa mchanga alisema nini?

Jarife #29
Hakusema. Alikuwa nahodha mkubwa pale kijijini. Ila tangu siku ile hakutega jarife tena, alirudi kwenye mishipi. Mwenyewe akiulizwa sababu anasema ni magoti.

Baba Nasra #30
Usiku wa jana kimepiga tena. Safari hii nilikuwa macho, na Mama Nasra alikuwa ameshatoka chumbani kabla yangu. Nimemkuta sebuleni amekaa kwenye kochi, tochi ya simu imewashwa, kinyago amekigeuza kinamtazama yeye. Nikakaa. Akaniuliza, "Mkono wa pili uko wapi?" Tumeutafuta karibu saa nzima, huu wa kwanza umeshika kichwa, wa pili hatujauona mpaka naandika hapa. Ufa umesogea kama upana wa kidole.

Tezo na Patasi #31
Wekeni alama ya penseli ufa ulipoishia. Na mkono wa pili utafuteni kwa kukilaza, msikisimamishe.